Sketi ya marinda yanayocheza: ipi inunuliwe, ipi ishonwe, na ipi iachwe jukwaani

Sketi inayozungumziwa hapa mkazi wa Dodoma ameshaiona mara nyingi, pengine anayo kabatini: ndefu kuvuka goti, kiuno cha lastiki, marinda membamba ya sentimita moja hivi yanayoshuka kuanzia kiunoni mpaka kwenye upindo, rangi moja iliyotulia. Siku za kazi inashuka kwenye daladala za Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, Jumapili inakwenda kanisani. Mvaaji akipiga hatua marinda yanafunguka, akisimama yanajifunga yenyewe na kushuka wima. Ndiyo maana inapendwa: inacheza. Mpya inauzwa kwenye maduka ya katikati ya mji na kwa wamachinga wa Bahi Road. Ya mtumba itafute soko la Sabasaba, na mara nyingi ya mtumba ndiyo bora, kwa sababu imeshafuliwa na kuvaliwa; marinda ya kubabaisha yangekuwa yameshapotea kabla sketi haijaingia kwenye belo.

Hukumu tuitoe mapema. Katika mambo yote yanayoitwa teknolojia ya mavazi, hili la kuyapiga marinda kwa joto ndani ya polista ndilo linalomlipa mvaaji wa kila siku. Halina betri, halina waya, halina programu ya simu, na bado nguo inajongea na kurudi mahali pake. Mota na nyaya zinazojivuta tutazifikia huko mbele, ila msomaji mwenye haraka ajue kabisa kwamba fedha yake aiweke kwenye kitambaa na joto.

Kuipima ukiwa bado kibandani

Anza na lebo ya ndani. Inatakiwa iseme polista asilimia 100, au mchanganyiko ambao polista haipungui theluthi mbili hivi. Lebo ikiwa imekatwa, omba uchomoe uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, uushike kwa kibano na kuuwashia kiberiti mbali na nguo. Polista hujikunja ikiukimbia moto, huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na ikipoa huacha punje ngumu isiyopondeka kwa vidole. Pamba huwaka vizuri na kuacha jivu jepesi. Jihadhari na rayoni. Inateleza na kuanguka vizuri mwilini, muuzaji ataiita "silki", lakini ikiungua ina tabia zilezile za pamba, na marinda yake yanaondoka na ndoo ya kwanza ya maji.

Kisha ivute. Shika sehemu ya sentimita 10 katikati ya urefu wa sketi, ifungue mpaka ifike 25, shikilia ukihesabu moja hadi kumi, halafu achia. Marinda ya kweli yanarudi 10 au 11 palepale. Yakigoma kwenye 14 au 15, hayo yamepigwa pasi tu ili yapendeze kwenye hanga, na baada ya kuvaa siku mbili utabaki na sketi pana isiyo na umbo.

Upindo nao unasema mengi. Sketi iliyotengenezwa kwa utaratibu ilishonwa upindo kwanza, marinda yakapigwa baadaye, hivyo ncha ya kila rinda inakata upindo kwa mstari mkali, na uzi wa upindo umekunjwa pamoja na kitambaa. Ile ya haraka haraka ilikatwa kutoka kwenye jora lililokwishakunjwa, ikapitishwa overloki mwishoni. Ukiitazama kwa chini utaona mawimbi, na pale overloki ilipopita marinda yamelegea. Tazama pia mshono wa ubavuni: unatakiwa uzame kwenye mkunjo wa ndani. Ukiwa juu ya uso wa rinda, aliyeunganisha hakuhesabu.

Inyanyue kwa kiuno uielekeze kwenye mwanga. Marinda yakilalia upande mmoja, kitambaa kilikatwa bila kufuata mtande, yaani nyuzi zake za urefu, na hakuna pasi itakayolirekebisha hilo. Yaking'aa kwenye migongo, joto lilizidi. Mng'ao huo hautoki kwa sababu juu ya uzi pameshayeyuka.

Kosa kubwa la wanunuzi ni kuchagua kwa kiuno. Lastiki inadanganya, inamkubali kila mtu. Chagua kwa nyonga: laza sketi mezani, ifungue kabisa sehemu ya nyonga, pima kwa futi kamba upande wa mbele na wa nyuma, ujumlishe. Jumla isipungue mara mbili ya nyonga zako. Mwenye nyonga za sentimita 104 anahitaji angalau 208. Ikiwa chini ya hapo, marinda yatakuwa yameshafunguka ukiwa umesimama tu, na rinda lililokwishafunguka halina pa kuchezea.

Kwa nini linashika

Nyuzi za polista zikipata joto la digrii 70 hadi 80 za Selsiasi zinaanza kulegea kwa ndani, ingawa kwa macho huoni badiliko lolote. Ukizikunja katika hali hiyo na kuziacha zipoe zikiwa zimekunjwa, umbo jipya ndilo linalokuwa umbo lake. Viwandani hupandisha zaidi, digrii 150 na kuendelea, huku kiwango cha kuyeyuka kikiwa karibu na 255. Kadiri joto la kupigia marinda lilivyokuwa kubwa, ndivyo yanavyostahimili maji moto na pasi baadaye. Kanuni yake ni nyepesi kuikumbuka: rinda huvumilia joto lililo chini ya lile lililolizaa. Pamba haina tabia hiyo. Mikunjo yake inashikiliwa na vifungo dhaifu ambavyo maji tu yanavifungua, na ndiyo sababu sketi ya kitenge inaomba pasi kila baada ya kufuliwa.

Kabla ya polista, marinda membamba yalikuwa anasa. Mbunifu Mariano Fortuny alitengeneza huko Venice, Italia, kuanzia mwaka 1907 hivi, gauni za hariri zenye mamia ya mikunjo midogo. Zikilowa, zilirudishwa kwenye karakana yake zikakunjwe upya. Polista yenyewe ilivumbuliwa Uingereza mwaka 1941 na John Rex Whinfield na James Tennant Dickson. Aliyegeuza meza ni mbunifu Issey Miyake wa Japani. Yeye alianza majaribio mwaka 1988 akifanya kinyume cha desturi: anashona nguo nzima kwanza, kubwa mara mbili na nusu hadi tatu ya mvaaji, ndipo anaiingiza nzima ndani ya karatasi na kuipitisha kwenye mashine ya joto. Mwaka 1991 wachezaji dansi wa Ballett Frankfurt ya Ujerumani walizivaa jukwaani, mwaka 1993 akaanzisha rasmi mkusanyo wa Pleats Please. Nguo za aina hiyo zinaviringishwa, zinasafiri kwenye begi na zinavaliwa bila pasi. Sketi ya Bahi Road ni mjukuu wa kazi hiyo, hata kama aliyeitengeneza hajawahi kulisikia jina.

Kushonesha hapahapa

Fundi wengi wa mjini watakukunjia marinda kwa chaki, pini na pasi. Kwa marinda mapana ya kulala upande mmoja, yale ya sketi za shule, hiyo inatosha kabisa, na kwa kweli fundi mzuri atakupa kitu kinachokukaa kuliko cha dukani. Ila hesabu iwe sawa, na hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Chukua mvaaji mwenye nyonga 94 na kiuno 76. Ongeza nafasi ya sentimita 4 kwenye nyonga, unapata 98. Rinda kamili la kulala linakula kitambaa mara tatu ya uso wake, kwa hiyo 98 mara 3 ni 294. Kitambaa cha upana wa 150 kikiunganishwa vipande viwili kinatoa 300. Toa sentimita 1.5 kwa kila ukingo wa mshono, kingo nne, unabaki na 294 kamili. Uso wa rinda ukiwa 3.5, unapata marinda 28, kila moja likila 10.5. Tofauti ya hiyo 98 na kiuno ni 22, igawe kwa 28: kila rinda linabanwa milimita 8 likifika kiunoni, kuanzia usawa wa nyonga, kwa mstari wa kulala kidogo. Urefu wa sentimita 70 unahitaji 76 pamoja na upindo na mshono wa juu, mara mbili ni 152, ongeza na belti: nunua mita 1.75.

Sasa angalia hatari yake. Fundi akikosea milimita moja tu kwenye kila rinda, marinda 28 yanampa karibu sentimita 3 kiunoni. Mteja anarudi analalamika sketi inabana, fundi anafumua belti, kumbe tatizo liko kwenye chaki. Fundi anayejua kazi anakata kipande cha kadibodi cha 10.5 chenye alama kwenye 3.5 na 7, anatembea nacho juu ya kitambaa, na kila baada ya marinda saba anarudi kupima kutoka mwanzo. Hiyo ndiyo dalili ya kutafuta ukiingia kwenye banda la cherehani: je, ana kipimo cha kadibodi, au anakadiria kwa vidole?

Kwa marinda membamba ya kucheza, pasi na pini havifai. Hapo inatakiwa kalibu ya karatasi, na ni fundi wachache watakaokubali kazi hiyo, kwa sababu inakula muda na nafasi. Kalibu ni karatasi mbili za manila zilizokunjwa mikunjo sawasawa. Kitambaa kinalala katikati yake, vyote vitatu vinajikunja pamoja. Kwa kipande chetu cha upana wa 147, kila karatasi inaundwa kwa manila tatu za ukubwa wa A1 zilizobandikwa zikisimama, jumla sita. Maungio yasiangukie kwenye mstari wa mkunjo. Mistari inachorwa kwa rula na kalamu iliyokwisha wino, ili karatasi ibonyee bila kukatika. Marinda ya kulala yanataka umbali wa 3.5, kisha 7, kisha 3.5, mpaka mwisho, mkunjo mmoja ukipanda na unaofuata ukishuka. Marinda membamba ya kusimama ni rahisi zaidi kwa hesabu na magumu kwa mkono: mistari yote sentimita moja moja, panda shuka, panda shuka.

Upindo unashonwa kwanza. Kitambaa kinatandazwa juu ya karatasi ya chini iliyofunguliwa, kinashikwa kwa klipu za ofisini pembeni, karatasi ya juu inalazwa mkunjo juu ya mkunjo wake, na klipu zinatolewa wakati kalibu inajifunga. Kisha fungasho linabanwa kati ya mbao mbili, linafungwa kwa kitambaa cha pamba na kuwekwa juu ya wavu kwenye sufuria kubwa yenye maji yanayochemka, dakika 30, maji yasiguse karatasi. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye digrii 96 hivi badala ya 100. Bado yanavuka zile 80 zinazotakiwa, ila hayakaribii joto la kiwanda. Ndiyo maana baada ya mvuke fungasho likikauka nje, fundi makini hupitisha pasi ya umeme ya nukta mbili, yaani digrii 150, juu ya karatasi, sekunde 15 kila mahali, pande zote mbili. Halafu linaachwa limefungwa mpaka kesho yake. Anayefungua kalibu ikiwa bado ya moto anapoteza kazi yote, kwa sababu umbo linashika wakati wa kupoa.

Makosa yanajionyesha yenyewe. Mistari miwili sambamba kwenye rinda moja maana yake kitambaa kilihama ndani ya kalibu. Marinda makali juu na legevu chini maana yake mvuke haukufika katikati ya fungasho, lilikuwa nene mno. Afanye kipande kimoja kimoja. Madoa ya mviringo ni maji yaliyodondoka kutoka kwenye mfuniko, dawa yake ni taulo chini ya mfuniko. Na rangi nzito kama nyekundu iliyoiva au nyeusi zinaweza kuhamia kwenye karatasi chini ya pasi, kisha kalibu hiyohiyo ikapaka doa kitambaa cheupe cha mteja anayefuata. Mwombe fundi kipande cha majaribio cha sentimita 30, kifue nyumbani, kikauke, ndipo utoe kitambaa chako. Akikataa kutoa sampuli, muage kwa heshima.

Kitenge kinastahili neno moja. Ni pamba, marinda yake hayatashika kwa kalibu wala kwa maombi. Ukiyataka yabaki, kila ukingo wa rinda ushonwe kwa cherehani milimita 2 kutoka kwenye mkunjo, kuanzia juu mpaka chini. Yanakaa imara ila hayachezi tena, na mchoro wa kitenge unakatika katika vipande. Kwenye mikono au kipande cha mgongoni inapendeza. Sketi nzima ni kazi kubwa kwa faida ndogo.

Upepo, vumbi, chumvi na bodaboda

Sketi hizi zilibuniwa kwa miji mingine. Hapa zinakutana na upepo wa Juni hadi Septemba, na marinda mepesi ya polista yanapanda juu pasipo taarifa, hasa kwenye maeneo ya wazi ya Mji wa Serikali. Watu hushona sarafu au vyuma kwenye upindo. Usifanye hivyo kwenye marinda membamba: uzito uliokaa mahali pamoja unavuta mikunjo miwili mitatu na kuacha pengo la kudumu. Kinachofanya kazi ni bitana inayojitegemea, ya popolini ya pamba, upana wa nyonga zako ukiongeza sentimita 20, fupi kuliko sketi kwa 10, yenye mpasuo wa nyuma. Sketi ikipeperuka, bitana inabaki chini. Bitana hiyohiyo inatibu tatizo la pili la kiangazi, umeme tuli, pale polista inapojibandika kwenye mapaja na kupiga cheche ukigusa kitasa. Ikiwa sketi haina bitana, pini ya chuma iliyochomwa kwenye mshono wa ndani inapunguza kidogo, na dawa ya kulainishia nguo kwenye maji ya mwisho inapunguza zaidi.

Vumbi letu jekundu linajaa kwenye mabonde ya marinda, na kosa ni kuilowesha sketi kabla ya kuikung'uta. Vumbi likishalowa linakuwa tope ndani ya mkunjo na kuchora mstari. Ikung'ute kavu, ikishikwa kwa upindo kichwa chini, kisha iloweke dakika 15 kwenye maji ya baridi au vuguvugu yasiyozidi digrii 40 na sabuni ya unga kidogo. Usifikiche. Ikamue kwa kuibana kuanzia juu kwenda chini, kamwe usiisokote kwa upana. Ianike kwa kiuno, vibanio vinne au vitano, ili uzito wa maji uyanyooshe marinda yenyewe. Kwenye kivuli chenye upepo wa hapa haichukui muda.

Maji ya bomba ya Dodoma yanatoka zaidi kwenye visima vya Mzakwe, nayo yana chumvi. Kwenye sketi nyeusi au ya bluu ya bahari utaona michirizi myeupe kwenye migongo ya marinda baada ya kukauka. Vijiko viwili vya chakula vya siki nyeupe kwenye ndoo ya lita 10, maji ya mwisho, vinaiondoa. Chumvi hiyohiyo inaziba matundu ya pasi ya mvuke na kutema uchafu wa kahawia juu ya nguo. Tumia maji ya kunywa ya chupa kwenye pasi, au uiache pasi ikiwa kavu na kuweka kitambaa chenye unyevu juu ya marinda.

Kukaa ofisini kwa muda wa saa nane hakuiharibu. Marinda ya nyuma yatalala, lakini mwili wa binadamu una digrii 37 tu, mbali na zile 70, hivyo ukiitundika usiku asubuhi yamerudi. Gari ndilo adui. Dashibodi ya gari lililofungwa vioo juani mchana inaweza kufika joto la kuilegeza polista, na sketi iliyotupwa hapo ikiwa imefinyangwa inashika mikunjo mipya usiyoitaka, kwa kanuni ileile iliyotengeneza marinda. Bodaboda ni hatari ya namna nyingine: ekzosi ina joto la kutoboa polista kwa mguso mmoja, tundu lenye ukingo mgumu lisiloshoneka, na marinda yanayopepea yanaingia kwenye spoki. Anayesafiri kwa bodaboda kila siku avae kitu kingine na sketi iwe kwenye begi. Kubebeka ndiyo sifa yake kubwa. Iviringishe kwa urefu, iingize kwenye mguu wa soksi ndefu iliyokatwa nyayo, na ukifika Mtumba unaitoa haina kosa.

Marinda yanayokua, na marinda yenye mota

Ubunifu mmoja wa nje unastahili kuigwa na washonaji wa hapa kuliko mwingine wowote. Mwaka 2017 Ryan Yasin, aliyesoma uhandisi wa anga, alishinda tuzo ya James Dyson nchini Uingereza kwa nguo za watoto za Petit Pli. Ni marinda ya polista yaliyokunjwa kwa namna ambayo kitambaa kikivutwa kwa urefu kinapanuka pia kwa upana, badala ya kusinyaa kama kitambaa cha kawaida. Suruali moja inamfuata mtoto saizi saba. Mikunjo ya jamaa hiyo ilishatumiwa angani: Koryo Miura wa Japani alibuni mkunjo wa zigizaga unaofunguka pande zote kwa mvuto mmoja, na chombo kilichorushwa mwaka 1995 kikautumia kwenye paneli zake za jua.

Kwa mzazi anayenunua sketi ya shule kila Januari, wazo hilo si la mbali. Kalibu ya zigizaga kwa mkono ni ngumu mno kwa nguo nzima, tusidanganyane. Ila sketi ya shule ya mchanganyiko wa polista 65 na pamba 35 inaweza kuachiwa akiba ndani ya marinda: badala ya kubana milimita 8 kila rinda kiunoni, fundi anabana 10 kwa mshono wa kutia na kutoa, na upindo anauacha wa sentimita 8 uliokunjwa mara mbili. Marinda 28 mara milimita 2 ni sentimita 5.6 za kiuno zinazosubiri mtoto akue. Upindo ukishushwa utaona alama ya mkunjo wa zamani. Kwenye polista haitoki yote, kwa hiyo fundi asiupige pasi kali mwaka wa kwanza.

Mota ni habari nyingine. Oktoba 2006 mjini Paris, mbunifu wa mavazi Hussein Chalayan alionyesha gauni zilizojibadilisha umbo zenyewe, upindo ukipanda na mikunjo ikijifunga kwa mota zilizofichwa. Ni kazi ya kusimamisha pumzi, na ilikuwa ya jukwaa. Vijana wa elektroniki wanaotaka kujaribu wanaweza kuanza na servo ndogo ya SG90, mota inayogeuza mkono mfupi, yenye uzito wa gramu 9, kwa sababu ni nyepesi na programu yake ni fupi. Tatizo ni fizikia. Kwa volti 4.8 inavuta kilo 1.8 kwenye mkono wa sentimita moja, lakini mkono huo ukigeuka nusu duara unavuta uzi sentimita 2 tu. Ukitaka upindo upande sentimita 10, mkono uwe wa sentimita 5, na nguvu inashuka hadi gramu 360, hapo ikiwa imefika mwisho wake na inakula umeme bila huruma. Sketi kamili ya marinda 28 inazidi hapo kwa urahisi. Kisha kuna vumbi kwenye gia, sauti ya mlio ndani ya ofisi kimya, na betri ya kuichomoa kila unapofua.

Wapo wanaopendekeza waya wa nitinol, aloi ya nikeli na titani inayojikunyata ikipata joto. Haina mlio wala gia. Inajikunyata kama asilimia 4, mita moja inakupa sentimita 4, na aina zinazouzwa kwa kazi hiyo zinafanya kazi kwenye digrii 70 hadi 90. Msomaji aliyefuata mpaka hapa ameshaona kasoro: ni joto lilelile linalolegeza polista. Waya unaoinua marinda ndio utakaoyafuta, na chini yake kuna ngozi ya mtu. Kwa maonyesho ya mradi wa chuo, sawa. Kwa kuvaa Jumatatu, hapana.

Kufupisha

Karibu kila sketi hizi zinakuja ndefu kuliko mnunuzi wa hapa, na kitu cha kwanza anachofanya fundi ni kukata chini. Akikata chini, anaondoa upindo uliopigwa pamoja na marinda, anapitisha overloki, na ule mstari mkali unakuwa mawimbi. Mwambie afupishe kutoka juu: afumue lastiki, apime kutoka kwenye upindo kwenda juu kila baada ya marinda kumi, apige mshono wa kushikilia marinda kabla mkasi haujagusa kitu, akate, kisha arudishe lastiki mpya ya upana wa sentimita 3. Ikiwa marinda yanapanuka kuelekea chini, yaani membamba kiunoni na mapana kwenye upindo, kiuno kitaongezeka kidogo baada ya kukata, na lastiki ndiyo itakayobeba tofauti hiyo. Zaidi ya sentimita 8 usikubali, maana nyonga zitakuwa zimehamia mahali marinda yalipokwishafunguka.